Walichonunua Watakuja Kukichukua Lini?

Mjomba aliisoma risiti mara mbili, mara ya pili akiwa ameisogeza simu mbali kidogo na macho, kisha akanirudishia.

"Haya," akasema. "Umenunua tani mbili za hewa. Umelipa. Sasa utakuja kuzichukua lini?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwake, katika kijiji kimoja cha Kwale, kusini mwa Mombasa. Jua lilikuwa limeanza kulegea na maji yamekupwa, mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha kanga wavuke tope. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Ulaya, ninakosomea shahada ya uzamili. Siku ya kukata tiketi, tovuti ya shirika la ndege iliniwekea kisanduku kidogo chini ya bei: bonyeza hapa, ongeza euro kadhaa, na kaboni ya safari yako itaondolewa angani. Pembeni palikuwa na picha ya mikoko. Haikuwa yetu, lakini mkoko ni mkoko. Mtu aliyekulia huku hawezi kuuona kwenye kioo cha kompyuta, theluji ikianguka nje ya dirisha, asibonyeze. Nikabonyeza. Nikalala vizuri.

Nadhani nilimwonyesha mjomba risiti ile kwa fahari. Yeye ni mlinzi wa mikoko. Kikundi cha kijiji kina makubaliano ya kuutunza msitu, kaboni inayobaki mle huuzwa ng'ambo, sehemu ya fedha hurudi kijijini, na yeye na wenzake hupiga doria kwa zamu. Nilitaraji afurahi kwamba upande wa pili wa biashara yake yuko mpwa wake. Yeye akauliza swali la muuza duka.

"Hazichukuliwi, mjomba," nikamwambia. "Zinabaki hapa hapa."

"Mpaka lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Zamani alikuwa na duka la mbao na boriti pale barabarani, kabla biashara haijamshinda. Kwa mwenye duka, mzigo uliokwisha kulipiwa ukabaki dukani ni balaa. Unashika nafasi. Ukiibwa, mteja atakuja na risiti yake. Ukiliwa na mchwa, mteja atakuja na risiti yake. Ndiyo maana maduka mengi yameandika ukutani kwamba mzigo uliolipiwa uondolewe mapema, la sivyo dukani hawana dhamana. "Mimi niliandika siku saba," akasema.

Biashara ya kuondoa kaboni haijaandika chochote ukutani, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia. Tasnifu yangu inahusu sheria za uondoaji wa kaboni, na kwa miezi sita nilikuwa nimesoma ripoti nene kuhusu upimaji, uthibitishaji na usajili. Sikuwa nimejiuliza swali la siku saba.

Niseme kwanza tunazungumzia nini, maana maneno haya huchanganywa sana, na wakati mwingine kwa makusudi. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa kulikuwa na takribani chembe 280 za kaboni dioksaidi. Charles David Keeling alipoanza kuipima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zimefika kama 315. Leo zimepita 420. Uchomaji wa makaa, mafuta na gesi unaongeza takribani tani bilioni 37 kila mwaka. Mvuvi ambaye ngalawa yake imetoboka huziba tundu, kisha hukumba maji yaliyokwisha kuingia. Kupunguza moshi ni kuziba. Kuondoa kaboni ni kukumba. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi limesema wazi kwamba tukitaka kufikia sifuri hatuna budi kukumba pia, kwa ajili ya ule moshi ambao hatutaweza kuuzuia kwa urahisi. Kwa sasa dunia inakumba kama tani bilioni mbili kwa mwaka, karibu zote kwa miti na udongo. Mashine na mbinu nyingine mpya zote zikijumlishwa hazifiki tani milioni mbili.

Kwa hiyo sibishani na kukumba maji. Shida yangu iko kwenye ndoo.

Kaboni ninayoitoa leo kwa ndege haina haraka ya kuondoka. Nyingi itamezwa na bahari na mimea kwa karne kadhaa, lakini sehemu yake itabaki angani kwa maelfu ya miaka. Kaboni iliyo ndani ya mkoko, kwa upande wake, ina njia nyingi za kutoroka. Shoka ni moja. Mvua ni nyingine: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta tope jingi kwenye hori la Mwache, Mombasa, likaifunika mizizi ya mikoko, na eneo kubwa likafa likiwa limesimama. Hakuna mtu aliyeinua panga.

Si mbali na kwetu, watu wa Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa jamii wa kuuza kaboni ya mikoko ulioidhinishwa mwaka 2013, ambao husomwa vyuoni duniani kote. Naupenda mradi ule na ninauona kuwa wa haki kuliko mingi niliyoisoma. Ni hekta 117, takribani tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Sehemu ya mikoko ya ghuba ile ilifyekwa miaka ya 1970 kulisha tanuri za viwanda, ikapandwa upya kuanzia miaka ya 1990. Ukiitembelea leo hutajua kama palikuwa uwanja mtupu. Lakini kipindi cha mradi ni miaka 20. Weka namba hizo jirani: miaka 20 ya ahadi, maelfu ya miaka ya moshi. Kwenye daftari la mnunuzi zinafutana, tani kwa tani, salio sifuri.

Hapa niingize jambo la boriti, ingawa msimamizi wangu aliniambia nilitoe kwenye tasnifu. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe ya Lamu utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni mkoko. Boriti inayoweza kubeba dari la mawe na chokaa haizidi sana mita tatu, kwa hiyo mjenzi aliupima upana wa chumba kwa mti. Boriti hizo hizo zilivuka kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Sasa fikiria boriti iliyo juu ya kitanda cha mtu katika nyumba ya karne ya 18. Ile ni kaboni iliyotolewa angani ikakaa ndani zaidi ya miaka 200. Hakuna aliyesajili, hakuna aliyethibitisha, hakuna aliyepewa hati. Ilitunzwa kwa sababu watu walikuwa wakilala chini yake. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2024, inakubali kuhesabu mbao za ujenzi kama hifadhi ya kaboni zikidumu angalau miaka 35. Lamu ingecheka.

Na jambo la lugha. Redio na magazeti yetu mara nyingi huziita hati hizi "mikopo ya kaboni". Ni tafsiri iliyoteleza. Aliyetafsiri aliona neno la Kiingereza linalofanana na mkopo akaandika mkopo. Wataalamu huikosoa, nami niliwahi kuikosoa kwenye mada niliyowasilisha darasani. Siku hizi sina uhakika kama inastahili kukosolewa. Aliyeteleza alisema kweli kuliko waliosimama wima: kaboni iliyo kwenye mti imekopwa kutoka angani, na anga halijasamehe deni.

Inawezekana unafikiri wanasheria hawakuliona hili. Waliliona. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa tabianchi mjini Milan, nchi zilikubaliana kanuni za miradi ya kupanda misitu chini ya Itifaki ya Kyoto, na ndani yake wakaweka kitu ambacho kila nikikisoma nashangazwa na uungwana wake: hati yenye tarehe ya mwisho. Nchi tajiri ikitumia hati ya msitu kufidia moshi wake, hati ile ingekwisha muda kama maziwa ya pakiti, nayo ingetakiwa kuweka nyingine mahali pake. Msitu ukiungua kabla, vilevile. Deni lilirudi kwa aliyetoa moshi. Kwa lugha ya mjomba: mzigo uko dukani kwangu, hasara ni yako.

Soko halikuipenda. Nani anunue kitu ambacho baada ya miaka michache atalazimika kukinunua tena? Mfumo wa Ulaya wa biashara ya hewa chafu, uliokuwa mnunuzi mkubwa, haukuzipokea kabisa hati za misitu. Miradi ya kupanda misitu haikufika hata asilimia moja ya miradi yote iliyosajiliwa chini ya mpango ule. Uungwana ulikufa kwa kukosa wateja, na vijiji vingi vya Afrika ambavyo vingeweza kuuza vikakosa pia. Hilo si dogo, nami nitalirudia.

Kilichoshika nafasi yake kwenye soko la hiari ni akiba. Kila mradi huweka kando sehemu ya hati zake kwenye mfuko wa pamoja. Msitu mmoja ukiungua, hati za mfuko hufutwa kufidia. Ni bima, na bima si jambo baya. Tatizo ni kwamba bima hupangwa kwa kutazama nyuma. Soko la kaboni la California linadai misitu itunzwe miaka 100, na lina mfuko wa namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mioto ya chini ya muongo mmoja ilikuwa imemaliza karibu sehemu yote iliyotengwa kwa ajili ya hatari ya moto kwa karne nzima. Dunia inayopata joto ndiyo inayochoma dhamana ya kulipunguza.

Kenya nayo ina sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanadai kila mradi wa ardhi ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo na wananchi, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia ikiwa mradi ni wa ardhi. Niliisoma kwa furaha, kwa sababu mtu hatimaye alikuwa ameandika kiwango. Nikaisoma tena nikimfikiria mjomba. Sheria inajibu vizuri swali la nani agawiwe. Swali la nani atashika mzigo mwaka 2090 linabaki kwenye makubaliano yenyewe, na makubaliano yanasainiwa na walio hai. Mara nyingine hata walio hai hawakuulizwa: Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaskazini zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, na mojawapo ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho. Kama ndivyo kwa waliopo, sijui tunazungumza kwa idhini ya nani tunapowafunga wajukuu wao.

Sasa niwaeleze kuhusu jirani.

Mvua za masika zilizopita ziliangusha ukuta wa nyumba ya jirani yake mjomba, upande wanakolala watoto. Jirani aliingia msituni usiku akakata fito na boriti za mkandaa, kumi na nne. Asubuhi mjomba, akiwa kwenye zamu, alizikuta zimelazwa nyuma ya nyumba, bado mbichi. Akazichukua. Kamati ikamtoza jirani faini, nusu yake ikalipwa na shemeji yake. Watu hawa wawili walitiwa jando siku moja. Sasa wanasali msikiti mmoja, lakini jirani akimwona mjomba kwenye safu, yeye huenda safu nyingine.

"Kama nisingezichukua," mjomba alisema, "kesho angekuja mwingine, na keshokutwa tungeambiwa hatulindi." Alisema akitazama miguu yake.

Nilipiga hesabu usiku ule, kwa aibu. Fito na boriti kumi na nne, hata ukizikadiria kwa ukarimu, kaboni yake haifiki tani moja. Kwa safari yangu ya kwenda na kurudi, tovuti ilihesabu tani mbili, na Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya kaboni dioksaidi kwa mwaka mzima. Mwaka 1993 mwanafalsafa Henry Shue aliandika makala inayotenganisha moshi wa kujikimu na moshi wa anasa. Alisema si haki kumtaka maskini aache wa kwanza ili tajiri aendelee na wa pili. Niliwahi kuitetea hoja hiyo mtihanini nikapata alama nzuri. Sikuwa nimeona jinsi inavyoonekana ikiwa na sura: ukuta umeanguka huku, kisanduku kimebonyezwa kule, na katikati amesimama mjomba wangu mwenye tochi, akimnyang'anya mwenzake fito ili risiti yangu isiwe uongo.

Sisemi safari yangu ilikuwa ya anasa. Nilikuja kumwona mama, ambaye afya yake si nzuri. Lakini mimi sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Pwani tuna msamiati wa jambo hili, na ndio uliokuwa ukinikera kichwani wakati wote. Kitu ukikinunua ni mali yako. Kitu ukikiacha kwa mwenzako akutunzie ni amana, na amana ina adabu zake: aliyeachiwa hawezi kukitumia, na aliyeacha hawezi kumlaumu ikiwa kimeharibika bila uzembe. Kaboni iliyouzwa inaitwa bidhaa, ila inafanya kazi kama amana, na adabu zimegeuzwa. Mlinzi ndiye anayelaumiwa, mwenye mzigo ndiye aliyesafishwa.

Kwa muda nilifikiri jibu ni wakfu. Mtu akiweka shamba au nyumba wakfu, mali ile hufungwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Huteuliwa msimamizi, na mapato huenda kwa waliotajwa, iwe ni msikiti, mayatima, au kisima cha wapita njia. Zanzibar wana Kamisheni nzima ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya nayo ina sheria na tume yake. Hapa ipo taasisi ya kwetu, ya kale, iliyofikiria kwa dhati jinsi ya kutunza kitu baada ya mwenyewe kufa na baada ya msimamizi wake kufa. Mwache kando Mwislamu na asiye Mwislamu, utazame ufundi wake tu: mlinzi anatajwa kwa cheo, akiondoka anaingia mwingine, na riziki ya ulinzi imo ndani ya mali yenyewe.

Nilimwambia mjomba kwa shauku. Akanikumbusha nyumba tatu za wakfu anazozijua yeye ambazo leo ni maduka ya watu. Kila mtu wa pwani ana orodha yake. Na likaja la pili, ambalo lilinikata zaidi: anayeweka wakfu anatoa cha kwake. Katika kaboni, anayetaka kufunga mali yuko mbali, na mali anayoifunga ni msitu ambao jirani anautegemea ukuta ukianguka.

Mwenzangu mmoja darasani huona mjadala huu wote ni wa kujitakia. Achaneni na miti, husema. Zikeni kaboni kwenye jiwe. Ana hoja. Huko Hellisheidi, Iceland, kaboni dioksaidi iliyochanganywa na maji ikashindiliwa kwenye mwamba wa basalti ilionekana kugeuka jiwe, zaidi ya asilimia 95 yake, ndani ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mwaka 2021 ikafunguliwa hapo Orca, mitambo ya kunyonya kaboni moja kwa moja kutoka hewani, iliyoundwa kwa tani 4,000 kwa mwaka. Jiwe halihitaji doria. Halina jirani mwenye ukuta ulioanguka. Nasi Bonde la Ufa lina basalti na mvuke wa jotoardhi, na pale Gilgil kampuni changa ya Kenya, Octavia Carbon, inajenga mashine za kazi hiyo hiyo. Ninawatakia heri kwa moyo mweupe.

Lakini mashine hula umeme na joto, na huko Bonde la Ufa mvuke una watu juu yake. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa jotoardhi wa Olkaria, na malalamiko yao yalifika hadi jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Swali la nani alinde linageuka kuwa nani ahame, na mvuke uwake taa ya nani kwanza.

Kilichonifungua macho katika hoja ya mwenzangu ni bei. Tani moja iliyonyonywa kwa mashine na kuzikwa kwenye jiwe huuzwa kwa mamia ya dola, mara nyingine karibu elfu. Tani ya msitu unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana. Tumezoea kuambiwa kwamba mti ni rahisi kwa sababu ni wa asili: jua ni la bure, mvua ni ya bure. Nadhani sehemu kubwa ya urahisi huo ni mshahara ambao haujaandikwa. Jiwe limelipiwa ulinzi wake mwanzoni, kwa umeme na pampu. Mti ungelipiwa ulinzi wa muda ule ule, vizazi kwa vizazi vya akina mjomba, tochi, viatu vya mpira, faini na urafiki uliovunjika, usingekuwa na bei ya chakula cha mchana.

Na tazama nani anasimama nyuma ya kila mmoja. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 ya kuhifadhi kaboni chini ya ardhi inasema kampuni itawajibika kwa hifadhi hata baada ya kuifunga, kwa kawaida si chini ya miaka 20, na ikiridhisha mamlaka kwamba kaboni imetulia, serikali inaupokea mzigo. Jiwe, ambalo halikimbii, lina dola nyuma yake. Mkoko, unaoweza kufa kwa mvua moja, una kamati ya kijiji.

"Mimi ningemtoza ya kuweka," mjomba alisema siku nyingine, bila mimi kumuuliza. Alikuwa bado dukani kwake, kichwani. "Mteja akichelewesha mzigo, siku ya nane naanza kuhesabu. Kila siku ana chake cha kulipa mpaka auondoe."

Nimeligeuza hilo kuwa sura ya nne ya tasnifu. Kaboni ya msitu isiuzwe, ikodishwe ghala. Anayetaka kudai kwamba moshi wake umefidiwa na mkoko alipe mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa baada yake, kwa muda wote ambao dai lake lipo. Mkoko ukifa, dai linakufa naye anatafuta pengine. Akitaka kumaliza deni lake moja kwa moja, alipie jiwe. Ni ile ile hati ya Milan, imevaa kikoi. Walio hai wataweza kusaini kwa ajili ya miaka yao tu, na wajukuu watakuta msitu pamoja na mpangaji anayelipa, wakiamua kumfukuza ili wajenge watamfukuza.

Msimamizi wangu alisoma sura hiyo akaandika pembeni swali moja: atanunua nani? Niliahidi kulirudia jambo hili. Ni kweli, huenda wengi wasinunue. Mimi mwenyewe, siku ile mbele ya kisanduku, kama kingeniambia nitalipa kila mwaka mpaka kufa na baada yangu mtu mwingine aendelee, ningefunga kompyuta. Nilichotaka ni risiti. Unaweza kusema basi soko lenye wateja wa risiti na life, na katika karatasi nimesema hivyo. Ila likifa, maji ya bomba ya kijiji fulani yanakatika, kisha anakuja mwenye tanuri. Sura ya nne haina jibu la hilo. Nimeandika aya tatu nikazifuta.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimkuta mjomba anahesabu kurasa. Ana daftari la doria, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila zamu anaandika tarehe, maji yalikuwaje, alipita wapi, alikuta nini. Kurasa nyingi zimeandikwa neno moja: salama. Kwenye ukurasa wa masika ameandika fito na boriti 14, na jina la jirani limekatwa kwa kalamu, likaandikwa tena juu yake.

"Limebaki karatasi mbili," akasema. "Ukipita dukani niletee jingine. La kurasa nyingi kidogo."

Nikaenda. Muuzaji aliniuliza nataka la kurasa 96 au 200. Nikachukua la 200, kisha nikarudi nikachukua na la pili.